Udongo ulioungua hauna ethi

Mtu akinipigia simu nikamfungie ethi, yaani fimbo ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, hapa Tabora, swali langu la kwanza halihusu waya. Namuuliza kama kiwanja chake kiliwahi kuchomewa matofali. Wapo wanaocheka: "Fundi, umekuja kufunga umeme au kununua kiwanja?" Wacheke tu. Nyumba nyingi za pembezoni mwa mji huu zimejengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na kuchomwa palepale. Mwenye kiwanja anachimba shimo, anafyatua, anapanga tanuru, anachoma kwa magogo ya porini, anajenga. Vipande vilivyovunjika na matofali yaliyopinda vinarudishwa shimoni kama kifusi. Baada ya misimu kadhaa ya mvua nyasi zimeota juu na hakuna anayekumbuka chochote.

Somo hili nililipata kwenye nyumba moja upande wa Ipuli. Fimbo ya futi nne niliigonga mpaka ikazama, nikapanga vigingi vya kipimo, na mita ikasoma mamia ya omu, yaani upinzani mkubwa; kwa ethi namba ndogo ndiyo nzuri. Ulikuwa mwezi wa mvua, ardhi imelowa, viatu vinazama. Kwenye udongo kama ule fimbo moja huwa inanipa makumi. Nikang'oa, nikasogea hatua chache, nikagonga tena: mamia yaleyale. Babu wa jirani alikuwa amekaa barazani kwake akinitazama muda wote.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Hapo utagonga mpaka jioni. Hapo ndipo tulipochomea matofali ya hiyo nyumba na ya kwangu. Nenda kule kwenye mwembe."

Nilipokwenda kwenye mwembe mita ikashuka mpaka kwenye makumi, na kazi ikaisha. Kilichobaki kichwani ni swali. Udongo ni uleule wa kiwanja kimoja, rangi ni ileile nyekundu, mvua iliyonyesha ni ileile. Nilipokuwa nasoma umeme VETA tulifundishwa kwamba ardhi yenye maji hupitisha umeme vizuri na ardhi kavu hupitisha vibaya. Sasa pale palikuwa na maji pande zote mbili. Kipande cha tofali nilichokichimbua pale kilikuwa kimelowa mpaka ndani, ukikikamua kwa kitambaa kinatoa maji. Basi maji peke yake hayatoshi kueleza.

Jirani yangu ni mwalimu wa kemia. Jioni huwa anapita kuchaji simu kwangu umeme wake unapokatika, maana nina betri ya sola, na ndiyo ada anayolipa: maelezo. Nikamwekea kipande cha tofali mezani na donge la udongo mbichi.

Alichoniambia nitakieleza kwa namna nilivyokielewa mimi. Udongo wa mfinyanzi umeundwa kwa matabaka membamba sana yaliyolaliana kama kurasa za daftari. Kila tabaka ni silika na alumina zilizoshikana, na katikati yake kuna vikundi vya oksijeni na haidrojeni, yaani maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, tofauti na maji unayoyaona. Mara nyingi tabaka huwa na upungufu: mahali palipotakiwa kukaa atomu ya alumini yenye chaji tatu imekaa ya magnesi yenye chaji mbili. Upungufu huo unaliacha tabaka na chaji hasi, na ili kuusawazisha, ioni, yaani atomu zenye chaji, za sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesi zinajibanza juu ya uso wa tabaka na katikati ya kurasa. Ukiweka maji, ioni hizo zinalegea na kuanza kutembea. Ukiweka umeme, zinabeba chaji. Ndivyo ethi inavyofanya kazi kwenye udongo: maji ni barabara, ioni ndio wapagazi.

Halafu udongo haufanani. Ule mwekundu na mweupe wa miinukoni kwetu, uliotokana na matale ya huku kumomonyoka, una kaolinaiti nyingi. Kaolinaiti ina upungufu mdogo wa chaji. Wataalamu wakipima ioni inazoweza kushika, wanapata miliekwivalenti (kipimo cha wingi wa chaji ya ioni) 3 hadi 15 katika kila gramu 100. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi mpaka ndama anavunjika mguu, ni wa jamii ya smektaiti, na wenyewe unashika 80 hadi 150. Hapo nikaelewa kwa nini ethi za nyumba zilizo karibu na majaruba ya mpunga hazijawahi kunisumbua.

"Sasa moto unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hilo, fundi, tulichome tuone."

Tulitumia jioni nyingi kwa jambo hilo, na mke wangu ana maoni yake kuhusu mkaa ulioteketea. Tulifinyanga vijiti vidogo vya udongo, vingine vya udongo mwekundu, vingine vya mbugani, vingine vya kichuguu, kwa sababu mafundi matofali wa huku wanapenda sana kichuguu. Kila kijiti tulikichomeka waya mbili za koili ya jiko bovu. Waya ya shaba ingeoza kwa moto, lakini ile ya koili ni mchanganyiko wa nikeli na kromu, inavumilia. Waya zilipotoka nje ya moto tulizipitisha kwenye shanga za kaure zilizotolewa kwenye pasi za zamani, ili zisigusane wala zisiguse mkaa, maana mkaa nao hupitisha umeme. Kijiti chenyewe tulikifunika kwa kigae cha chungu.

Kipimajoto cha kufika nyuzi elfu hatukuwa nacho. Mwalimu akaleta ushahidi wa namna nyingine: vitu ambavyo nyuzi zake za kuyeyuka zinajulikana. Kipande cha zinki kutoka ganda la betri ya redio huyeyuka kwenye nyuzi 420. Kipande cha waya wa alumini, 660. Chumvi ya mezani, 801. Waya wa shaba, 1,085. Unaviweka kwenye vigae vidogo kando ya kijiti; alumini ikigeuka tone unajua umevuka 660, na chumvi ikiwa bado ni chembechembe unajua hujafika 801. Mpaka leo sijaona njia ya bei rahisi kuliko hiyo ya kupima tanuru, na nimeshaifundisha kwa mafundi matofali wawili watatu ambao walikuwa wanakadiria kwa rangi ya moto tu.

Kabla ya moto, kijiti kibichi kilinifundisha jambo la mita. Ukiweka multimita ya kawaida kwenye udongo wenye unyevu, namba haitulii. Inaanza kwenye kiloomu chache, halafu inapanda, inapanda, mpaka unachoka kuitazama. Ukigeuza nyaya, nyekundu ikakaa mahali pa nyeusi, inaanza upya na namba nyingine kabisa. Fundi asiyejua atasema mita imekufa. Kumbe betri ya mita inasukuma ioni upande mmoja, zinajazana kwenye waya na kuzuia zinazofuata. Kwenye waya wa shaba wanaotembea ni elektroni, hawajazani hivyo. Ndiyo maana kipimo halisi cha ethi kinatumia umeme unaogeuka-geuka, na ndiyo maana anayepima ethi kwa multimita anajidanganya mwenyewe na anamdanganya mteja.

Kisha moto. Ukianza kupasha taratibu, kijiti chenye unyevu kwanza kinapitisha umeme vizuri zaidi, kwa sababu ioni kwenye maji ya moto zinakimbia kuliko kwenye maji ya baridi. Halafu maji yanaanza kutoka na namba zinapaa. Ukivuka nyuzi 100 na kuendelea mpaka karibu 200, hata yale maji yaliyobanwa katikati ya kurasa za smektaiti yanakwenda zake, na multimita inakata tamaa kabisa.

Hapo kuna mtego ambao mafundi wengi wa majiko hawaujui, na ndio ulionifanya niandike haya yote. Kijiti kilichofika nyuzi 200 kikapoa, ukikipima kikiwa kikavu utaapa ni kihami kamili, kitu kisichopitisha umeme. Kiache nje usiku mmoja wa mwezi wa Februari. Asubuhi kimekunywa unyevu wa hewa na mita inasoma tena. Cha mbugani kinarudi haraka kuliko chekundu, kwa sababu ioni zake zote bado zipo, zinasubiri maji tu. Kukitumbukiza kwenye kikombe cha maji ndio kabisa: kinavimba, kinasambaratika, kinakuwa tope kama hakijawahi kuona moto. Udongo huo umekauka, haujaungua.

Kuungua kunaanza juu zaidi. Kaolinaiti ikiwa kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, yale maji ya ndani ya jiwe yanang'oka. Kaolinaiti safi inapoteza karibu asilimia 14 ya uzito wake kwa njia hiyo, na kurasa zinavurugika. Kinachobaki kinaitwa metakaolini. Smektaiti nyingi zinangoja mpaka 600 au 700. Njiani, kwenye nyuzi 573, chembe za kwatzi zilizomo kwenye mchanga nazo zinabadili umbo na kutanuka ghafla, ndiyo sababu ya nyufa nyingi za vyungu. Alumini yetu ilipoyeyuka, kijiti chekundu kilikuwa kimevuka mlango ambao hakiwezi kurudi. Kukiweka kwenye maji kinalowa lakini hakilegei. Maji yanaingia kwenye vitundu vyake kama yanavyoingia kwenye mtungi, ila ioni nyingi sasa zimefungiwa ndani, hazina uso wa kukaa wala mlango wa kutokea. Maji yenyewe yanakuwa karibu maji matupu, na maji matupu hayabebi umeme wa maana. Nilikuwa nimepata jibu la kifusi cha Ipuli. Ongeza kwamba vipande vya tofali havishikani kama udongo unavyoshikana, kati yake kuna hewa, na mvua ikipita maji yanashuka chini bila kukaa.

Mwalimu alinieleza pia kuhusu jaribio la Hofmann na Klemen la mwaka 1950, ambalo alilisoma chuoni na hakulisahau. Walichukua udongo wa jamii ya smektaiti, wakaujaza ioni za litiamu, wakaupasha nyuzi 200 hadi 300. Litiamu ni ioni ndogo sana. Kwa joto hilo ilipenya kutoka kwenye uso wa tabaka mpaka ndani, ikaziba ule upungufu wa chaji, na udongo ukapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kushika ioni nyingine. Sina litiamu ya kuchezea, betri za simu sizifungui, lakini nililipenda jaribio hilo kwa sababu linaonyesha kwamba moto hauondoi maji tu. Unawahamisha wapagazi makao.

Mpaka hapo nilifikiri nimemaliza: mbichi hupitisha, iliyoungua haipitishi. Ningeishia hapo, ningekuwa fundi wa ethi mwenye hadithi nzuri. Lakini tulikuwa hatujazima moto.

Kijiti kilipoanza kuwa chekundu, mita ambayo ilikuwa kimya tangu nyuzi 200 ikaanza kusoma. Kwanza megaomu nyingi, zinarukaruka. Mkaa ulipokolea na chumvi ikayeyuka, megaomu zikawa chache, kisha tukaingia kwenye mamia ya kiloomu. Hakuna tone la maji mle ndani, na bado umeme unapita. Tulipoacha kipoe, namba zikapanda tena mpaka mita ikanyamaza. Tukapasha tena, zikashuka tena.

Mwalimu hakushangaa sana, mimi nilishangaa. Anasema sodiamu na potasiamu zilizofungiwa ndani ya udongo zikipata joto la kutosha zinaanza kuruka kutoka shimo moja hadi jingine ndani ya jiwe lenyewe, bila kuhitaji maji. Kadiri joto linavyozidi ndivyo zinavyoruka kwa wepesi, na upinzani hushuka mara nyingi sana kwa kila mamia machache ya nyuzi. Na wakati kaolinaiti inapovunjika kwa mara ya kwanza, haidrojeni inayong'oka nayo inachangia kubeba chaji kabla haijatoka kama mvuke. Jambo hili lilishatumika zamani kutoa mwanga. Mwaka 1897 Mjerumani Walther Nernst alibuni taa yenye kijiti cha kauri ya zirkonia iliyochanganywa na itria. Ikiwa baridi haipitishi umeme, haiwaki. Mpaka uipashe kwanza kwa kikoili kidogo pembeni, ndipo inapitisha, inawaka nyeupe na kujipasha yenyewe. Kwa hiyo kihami kinachogeuka kipitishi kwa joto si ajabu ya Tabora.

Sasa nije kwenye majiko ya koili, ambayo ndiyo riziki yangu kuliko ethi.

Jiko hilo kila mtu analijua: sanduku la bati, ndani sahani ya udongo yenye mfereji unaozunguka, na koili imelala kwenye mfereji. Sahani ndiyo inayotenganisha koili yenye umeme na bati unaloligusa. Majiko mengi yanayoletwa kwangu lalamiko ni moja, "linapiga shoti", na zamani nilikuwa nayatibu yote kwa namna moja. Baada ya jioni zile na mwalimu nilianza kuuliza swali ambalo sikuwa nauliza: linapiga mwanzoni au likishapata moto?

Dada mmoja anayepika chapati karibu na stendi aliniletea jiko akasema, "Kaka, asubuhi nikiwasha linanitekenya mkono, nikishachoma chapati mbili tatu linaacha." Sahani ya hilo ilikuwa haikuiva. Ilikauka tu. Usiku inakunywa unyevu, pamoja na maji ya unga na mafuta yanayomwagika, asubuhi inavujisha umeme, na joto la koili lenyewe linaikausha mpaka inatulia. Nilichimba kipande kidogo pembeni ya sahani nikakitia kwenye maji. Kikawa tope mbele ya macho yake. Alicheka, akasema kumbe amekuwa akipikia juu ya tofali bichi.

Haikupita muda, mzee mmoja mstaafu wa reli akaja na jiko la malalamiko ya kinyume. "Asubuhi ni zima. Maharage yakianza kuchemka, ukigusa bati kwa mwiko wa chuma unaruka." Nililipima kwa mega, mita ya kupima uvujaji wa umeme kwenye vihami, likiwa baridi, likapita vizuri kabisa. Fundi mwingine angemrudishia na kumwambia hana tatizo. Nikaliwasha likiwa juu ya mbao kavu, nikaliacha mpaka koili ikawa ya rangi ya chungwa na mfereji chini yake ukawa mwekundu, nikalizima, nikachomoa plagi, na hapohapo nikapima tena kabla halijapoa. Kipimo kilikuwa kimeanguka vibaya, na kadiri lilivyopoa nikaona namba ikipanda mwenyewe mbele yangu. Sahani ya hili ilikuwa imeiva sawasawa, ngumu, inalia ukiigonga. Ila ilikuwa nyembamba chini ya mfereji, na ilitengenezwa na mtu anayechanganya magadi kwenye udongo ili sahani ishikane kwa moto mdogo.

Magadi yanashikanisha kweli, sipingi. Yanafanya udongo uanze kuyeyuka kwa ndani kwenye joto la chini, mkaa unaokoka. Lakini magadi ni sodiamu, na sodiamu ndiyo mpagazi mwepesi kuliko wote joto likipanda. Unamwongezea udongo kile kile unachotaka asiwe nacho. Kwa chungu cha maua au tofali la ukuta haina neno. Kwa sahani inayokaa chini ya koili nyekundu yenye volti 230, ni kutafuta balaa.

Ukitazama vile vikombe vyeupe juu ya nguzo za umeme unaona walivyolitatua jambo hili wenye viwanda. Kaure ya insuleta inatengenezwa kwa kaolini, kwatzi na feldspa, inachomwa kati ya nyuzi 1,200 na 1,400. Kwenye joto hilo kaolini iliyoungua imezaa fuwele za mulaiti, na feldspa imeyeyuka ikajaza vitundu vyote, kwa hiyo maji hayana pa kuingia. Juu wanapaka glasi ili mvua na vumbi viteleze. Ni kihami kizuri sana, kwa sharti kwamba kinakaa baridi. Kaure hiyohiyo ukiipeleka kwenye joto kali inaanza kulegea kwa sababu ya potasiamu iliyo kwenye ile feldspa iliyoyeyuka. Ndani ya injini ya gari, plagi za leo zinatumia alumina badala ya kaure ya kawaida, na moja ya sababu ni hiyo.

Sisi hatuna tanuru la 1,400. Mtengeneza sahani ninayemtegemea sasa, mama mmoja wa ukoo wa wafinyanzi anayeishi njia ya kwenda Urambo, anatumia udongo mweupe wa mwinuko bila magadi wala majivu, anaacha unene wa vidole viwili chini ya mfereji, na anachoma mpaka chumvi iyeyuke, kisha anaendelea kuchochea kwa muda. Ule ushahidi wa chumvi nilimfundisha mimi. Yeye akanifundisha la moyo mweusi.

Nilikuwa nimekataa sahani zake kadhaa kwa sababu mega ilikuwa inasoma vibaya hata zikiwa baridi na kavu. Hazikuwa mbichi, zilivumilia maji vizuri. Akachukua moja akaivunja katikati. Nje nyekundu nyepesi, ndani nyeusi. "Hii ilikosa hewa, mwanangu. Nilizipanga zimebanana." Tulipogusa ncha za mega kwenye ukingo mwekundu hatukuona kitu; kwenye sehemu nyeusi zikaonyesha uvujaji. Mwalimu alipoletewa kipande akakining'iniza kwa uzi karibu na sumaku ya spika, kikavutwa kidogo. Kwenye moto wenye moshi na hewa chache, mizizi na majani yaliyokuwa kwenye udongo hayateketei yote, yanabaki kaboni. Na kutu nyekundu ya chuma iliyomo kwenye udongo inanyang'anywa oksijeni na kuwa magnetaiti, ambayo ni nyeusi na inavutwa na sumaku. Kaboni na magnetaiti vyote hupitisha umeme kwa elektroni, havisubiri maji wala joto. Kwa hiyo hata uchome mpaka wapi, ukichoma kwa moshi umetengeneza kasoro ya tatu, isiyofanana na ya dada wa chapati wala ya mzee wa reli.

Siku hizi anazipanga kwa nafasi, kila sahani imesimama kwenye vigae vitatu, na mwishoni anafungua matundu ya chini hewa ipite mpaka moto ufe. Anamaliza kuni nyingi zaidi na bei imepanda, na wateja wangu wanalalamika kwamba sokoni wanapata sahani kwa nusu ya hiyo. Mimi huwa nawaruhusu wachague, ila ya sokoni sifungi kwenye jiko kabla sijaivunja pembe nikaona rangi ya ndani, nikatia kipande kwenye maji, na nikaipima ikiwa ya moto.